Tumbili wa Gitaru

Kila nikisimama mbele ya watu hapa Nairobi naulizwa: tuna mvuke wa ardhini Olkaria, tuna upepo wa Ziwa Turkana, mbona stima inapotea? Nami kila mara nawarudisha kwa tumbili. Mliokwisha kumsikia, nivumilieni.

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha stima cha Gitaru, kule mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine zikalemewa, nazo zikajizima, megawati zaidi ya 180 zikatoweka. Giza nchi nzima. Tumbili mwenyewe? Alipona!

Mnacheka, halafu mnamlaumu mnyama. Jamani, stima haikai kwenye waya ikingoja mteja, kama maji kwenye tangi. Inayozalishwa sasa hivi ndiyo inayotumika sasa hivi. Jenereta za Olkaria na za Gitaru zinakwenda kwa mwendo mmoja, mawimbi 50 kwa sekunde. Mzigo ukizidi, zote zinapunguza mwendo pamoja, kama matatu iliyojaa ikipanda kutoka Mai Mahiu. Lazima mtu akanyage mafuta, na upesi. Kwetu mafuta hayo ni maji: mlango wa maji kwenye turbini, gurudumu linalozungusha jenereta, unafunguliwa zaidi, nayo inakaza. Siku ile, mashine zilizotakiwa kukaza ndizo zilizokuwa zikianguka. Mwendo ukishuka mno, kila mashine inajitoa ili isivunjike, na zinazobaki zinabebeshwa mzigo wake.

Kabla ya kufika huko, relei, yaani vifaa vya ulinzi vinavyopima mwendo huo, hukata mitaa kadhaa zenyewe, bila kumpigia mtu simu. Najua utasema: mbona wakate Kayole kwa wanyonge, wasikate Muthaiga kwa matajiri? Relei haijui Kayole. Inajua laini iliyopangiwa. Aliyepanga laini ni binadamu, na hapo una kesi, sikukatazi. Lakini usiniambie waache kukata kabisa. Mtaa wako ukizimwa nusu saa, hospitali ya mtaa wa pili inabaki na taa.

Sasa upepo, harakaharaka. Loiyangalani, kule Ziwa Turkana, kuna mitambo ya megawati 310, na upepo wake unapenda kuvuma usiku, ninyi mmelala. Saa hizo mvuke wa Olkaria unaachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Halafu saa moja jioni kila nyumba inawasha shawa, pasi na jiko kwa pamoja...

Mwenyekiti ananionyesha saa. Habari ya betri za kuweka stima na ya stima tunayonunua Ethiopia basi, siku nyingine. Maswali! Wewe mwenye koti jekundu. Ila ukiniuliza bei ya tokeni, naketi.