Sakafu ya Zege Pwani ya Kusini: Jua Maji Yanatoka Wapi Kabla ya Kufungua Ndoo

Mhadhara kwa mafundi ujenzi na wenye majengo ya biashara, Mtwara

Mabibi na mabwana, mafundi na wenye majengo, asanteni kwa kufika. Hapa mezani kuna vipande viwili vya zege, vyote vimekatwa kwenye jamvi moja, yaani bamba moja la zege la sakafu. Nadondosha maji kwenye kipande cha kwanza: tone limesimama, halinywewi. Kwenye cha pili zege limegeuka jeusi na tone limekwisha. Cha kwanza kimepigwa niru, yaani saruji tupu ya kulainisha uso, na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi kikang'aa. Cha pili niru yake imeondolewa kwa grenda. Ukimwuliza mwenye duka achague, atachukua kile kinachong'aa. Kwa kazi ya epoksi, rangi nzito ya sakafu inayochanganywa na kigumisho chake, hicho ndicho kibovu. Rangi haipati pa kuingia, inakaa juu ya ngozi nyembamba ya saruji, na ngozi yenyewe haijashikana sawasawa na zege la chini yake. Foklifti ikipiga kona yenye mzigo, rangi na niru vinabanduka pamoja.

Sakafu nyingi zinazochubuka mikoa hii ya Mtwara na Lindi zilipakwa rangi isiyo na kasoro yoyote. Kilichoziua ni maji na maandalizi. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya ndoo, uliza maji ya jengo lako yanatoka wapi. Yapo yanayopanda kutoka ardhini, yapo yanayomwagwa juu, na yapo yanayotoka hewani. Kila moja lina tiba yake, na tiba ya moja yaweza kuwa sumu kwa jingine.

Tuanze na ya chini. Jamvi lililomwagwa bila nailoni chini yake linanyonya unyevu wa ardhi mwaka mzima. Ukiona unga mweupe unaota juu ya sakafu, hiyo ni chumvi: maji yameipandisha, yakakauka, yakaiacha. Majengo yaliyo karibu na ufuko, kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko, yana balaa hili zaidi, hasa pale mchanga wa zege ulipochotwa ufukweni bila kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Ukifunika sakafu ya namna hiyo kwa epoksi nzito, maji hayakomi kupanda. Yanakusanyika chini ya rangi, yanaisukuma, na unapata malengelenge. Toboa lengelenge moja. Likitoa maji, usipoteze fedha kupaka tena juu yake.

Kipimo chake ni rahisi. Kata nailoni safi ya sentimita 45 kwa 45, ilaze kwenye sakafu iliyosafishwa, ibandike pande zote nne kwa tepu nzito pasipitishe hewa, iache kwa saa 16 au zaidi mahali pasipopigwa na jua. Fanya hivyo sehemu kadhaa za jengo, pembeni na katikati, kwa sababu unyevu haulingani. Ukifunua ukakuta matone, au zege limegeuka jeusi kuliko la jirani, sakafu hiyo haiko tayari kufunikwa. Kama una mita ya unyevu, epoksi nyingi hazitaki zaidi ya asilimia 4, ila soma karatasi ya bidhaa yako, maana ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Hapa kuna kosa linalofanywa na watu wazoefu kabisa. Wanahesabu siku 28 tangu zege limwagwe, kisha wanapaka. Siku 28 ni za zege kupata nguvu yake. Kukauka ni jambo jingine. Jamvi la milimita 100 laweza kuchukua miezi 4 kutoa maji yake hata hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa kadirio la mwezi mmoja kwa kila milimita 25. Mvua ikilipiga katikati, hesabu inarudi nyuma.

Maji ya hewani ndiyo yanayosahaulika, na pwani ndiyo yenye hila kuliko yote. Chukua hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85, hali ya kawaida hapa. Hewa hiyo inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye joto la nyuzi 25 na kushuka. Kanuni inataka sakafu iwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya hapo, yaani 28. Sasa pima zege la ghala saa moja asubuhi, baada ya kupoa usiku kucha: utakuta 26 au chini yake. Macho yanakwambia pakavu, lakini huenda kuna utando wa maji usioonekana. Epoksi ikipakwa hapo inapata weupe, au inatoa utelezi kama mafuta juu yake. Ukipaka mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi, bila kuosha utelezi huo kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mikono miwili haishikani.

Basi tupake mchana? Hapana, mchana una shida yake. Zege likipata joto, hewa iliyo ndani ya vinyweleo, matundu madogo ya zege, inatanuka na kutafuta njia ya kutoka. Inatoboa rangi mbichi, na kesho yake unaona vitundu kama vya sindano sakafu nzima. Wakati mzuri ni zege linapoanza kupoa, kuanzia saa tisa alasiri, ilimradi rangi ipate saa za kushika kabla umande wa usiku haujafika. Ndani ya jengo lenye paa na milango inayofungwa nafasi hiyo ni pana; kwenye baraza la wazi ni finyu mno. Nunueni kipimajoto cha sakafu na kipimo cha unyevu wa hewa. Bei yake haifiki ya kurudia chumba kimoja.

Kuhusu msimu: mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili au Mei, na korosho huingia maghalani kuanzia Oktoba. Kazi ya sakafu ifanywe Juni hadi Septemba, ghala likiwa tupu na ardhi imekauka. Mwenye ghala anayemwita fundi wiki moja kabla ya mnada wa korosho anajinunulia hasara.

Sasa dawa zenyewe. Kwa ghala la korosho ghafi ninashauri bila kusita: msipake epoksi. Magunia yanakaa juu ya paleti, tatizo kubwa ni vumbi na kuchimbika kwa sakafu, na unyevu kidogo unaotoka chini lazima upate pa kutokea. Tumieni dawa ya silikati, ya lithiamu ikipatikana. Inaingia ndani, inaungana na chokaa iliyobaki kwenye saruji, na kutengeneza gundi ileile inayoshika zege. Uso unakuwa mgumu, vumbi linakoma, na sakafu inaendelea kupumua. Lita 1 hutosha mita za mraba 4 hadi 6 kwenye zege linalonyonya. Unamwaga, unasambaza kwa ufagio laini, unaliweka zege likiwa limelowa kwa dakika 20 hadi 30, ukiongeza pale panapokunywa haraka. Silikati ya sodiamu isiachwe ikauke juu: osha ziada yote, la sivyo itaganda ukoko mweupe unaotolewa kwa kusaga tu. Dawa hii haizuii maji yaliyotuama, wala haiokoi niru inayobanduka.

Kwa baraza, maegesho ya hoteli, nguzo na kuta za zege zinazopigwa na upepo wa bahari, tumieni silani au siloksani. Hizi zinavaa kuta za vinyweleo kwa ndani, maji yakateleza na mvuke ukapita. Zinazuia chumvi mpya isiingie kufuata nondo. Iliyokwisha kuingia hazitoi. Lita 1 kwa mita za mraba 3 hadi 5, mikono miwili, wa pili ukifuata wa kwanza ukiwa bado mbichi. Funika vioo na alumini. Na andikeni mahali: zege lililopakwa silani halitashika epoksi baadaye, mpaka lisagwe. Fundi anayekuja baada ya miaka mitatu hana namna ya kujua kwa macho.

Akriliki ni rahisi, inang'aa, inastahimili jua, inafaa sakafu ya duka dogo, na inataka kurudiwa kila baada ya miaka miwili hivi. Matairi ya moto huing'oa, kwa hiyo isipakwe gereji.

Epoksi ina mahali pake: karakana, stoo ya dawa, jiko la hoteli lisilomwagiwa maji ya moto, na sehemu za kubangulia korosho. Mafuta ya ganda la korosho ni makali, yanapenya zege na kuacha doa jeusi lisilotoka, kwa hiyo hapo sakafu ifunikwe kabla kazi haijaanza. Kuna jambo ambalo watu wa kusini wanastahili kulijua. Kutokana na mafuta hayohayo hutengenezwa aina ya kigumisho cha epoksi, kiitwacho fenalkamini, kinachovumilia unyevu na ubaridi kuliko vigumisho vingi vya kawaida. Mkiagiza epoksi ya majengo ya pwani, ulizeni kama ipo yenye kigumisho hicho. Juani epoksi inageuka njano na kutoa unga. Ikibidi itoke nje, ipewe mkono wa juu wa poliyurethani. Na mahali pa samaki, barafu na maji ya moto, epoksi ya kawaida hupasuka. Pale weka sakafu nzito ya poliyurethani yenye saruji, milimita 6 hadi 9.

Maandalizi. Toa mafuta kwanza kwa sabuni kali na brashi ngumu, suuza, rudia hadi maji yatawanyike bila kujikusanya. Ukianza kusaga kabla ya kutoa mafuta unayashindilia ndani. Kisha saga kwa mashine ya almasi yenye kifyonza vumbi hadi uso uwe kama msasa wa kati na tone la maji linywewe haraka. Kwaruza kwa msumari. Ukichimba mfereji wa unga, endelea kusaga.

Najua wengi wenu mnatumia asidi ya dukani kwa sababu mashine ni ghali. Asidi hiyo ni ya haidrokloriki, na inaacha kloridi kwenye zege. Kloridi ndiyo inayokula nondo. Zege letu limekwisha kupewa chumvi ya kutosha na bahari. Si busara kuliongezea kwa ndoo. Kodini mashine kwa pamoja, mafundi watatu au wanne, mkigawana siku.

Hesabu ya vifaa haihitaji kubahatisha. Lita 1 ikitandazwa kwenye mita 1 ya mraba ina unene wa milimita 1. Sakafu ya mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Praima, yaani rangi ya kutangulia, lita 0.2 kwa kila mita ya mraba, ni lita 120. Mkono mmoja wa mikroni 150 (milimita 0.15) kwa epoksi isiyo na kimumunyisho kinachopotea hewani ni lita 90. Mikono miwili 180. Ongeza asilimia 10 ya upotevu. Ikiwa lebo inasema yabisi, yaani kinachobaki rangi ikikauka, ni asilimia 60, unagawa: 90 kwa 0.6 ni lita 150 kwa kila mkono. Hapo ndipo ndoo ya bei nafuu inapogeuka kuwa ghali.

Kuchanganya: ndoo ya A (epoksi) na ya B (kigumisho) zichanganywe zote, usikadirie nusu kwa macho. Drili ya mwendo wa polepole, dakika 3, kwangua kuta na kitako cha ndoo, hamishia kwenye ndoo nyingine safi, changanya tena. Kisha mwaga yote sakafuni papo hapo na utandaze. Epoksi iliyorundikana ndoo inajipasha moto yenyewe. Iliyoandikwa kuwa inatumika kwa dakika 30 kwa joto la nyuzi 25, kwa nyuzi 35 inabaki na nusu yake. Usiongeze petroli wala thina ya magari ili iwe nyepesi.

Mahali pa utelezi, nyunyiza mchanga wa silika wa milimita 0.3 hadi 0.8 juu ya mkono wa kwanza ukiwa mbichi. Wa ufukweni hapana: una chumvi, una vipande vya kombe, na punje zake zimeviringika. Mishono ya jamvi isifunikwe. Ikatwe upya kwenye rangi na kujazwa silanti, gundi laini ya kuziba mishono, na kwenye kituo cha mafuta iwe silanti inayostahimili petroli. Watu wapite baada ya saa 24, foklifti baada ya siku 7.

Rangi ikibanduka, usiitupe ile ganda. Igeuze. Mgongo wenye unga wa saruji unasema zege lilikuwa dhaifu au niru haikusagwa vya kutosha. Mgongo msafi, laini, unasema kulikuwa na mafuta, silani au umande. Mgongo wenye majimaji au chumvi unasema maji yanapanda kutoka chini, na hapo kusaga na kupaka upya hakutatibu chochote hadi unyevu upatiwe kizuizi au sakafu irudishwe kwenye dawa inayopumua. Hifadhi ganda hilo pamoja na namba za ndoo, joto la sakafu na unyevu wa hewa wa siku ile, kwenye daftari la kazi linalobaki kwa mwenye jengo.