Sungura wa Rasi na Jani la Rasi

Hamjambo wote. Mlio nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Kwenye chupa hii nimeleta jani la baharini, jembamba kuliko kamba ya kiatu. Kitaalamu ni Zostera capensis. Sungura wa mbuga kavu, yule mwenye masikio marefu, ni Lepus capensis. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama ni ndugu. Wapi! Capensis ni "wa Rasi", yaani Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini. Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha mtindo huu wa majina mawili, alimpa sungura jina hilo mwaka 1758, jani likapewa lake mwaka 1933. Jina la pili halijengi undugu.

Jani hili si mwani, maana mwani hauna mizizi wala maua. Hili lina vyote. Maua yake ni madogo mno, yamejificha ndani ya ala ya jani, na chavua yake ni kama uzi, husafiri majini mpaka ikutane na ua jingine. Wala si nyasi, ijapokuwa tunaliita nyasi bahari.

Sungura naye alisingiziwa, akahesabiwa pamoja na panya. Lakini mtazame kinywani: nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu kuna mengine mawili madogo. Panya hana hayo. Mwaka 1912 mwanasayansi Gidley akawatenga sungura na panya, sungura wakabaki na oda yao, yaani kundi lao kubwa la wanyama, Lagomorpha.

Sasa Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayopima ni viumbe gani wako hatarini kutoweka. Sungura, anayekimbizwa na mbwa tangu enzi za mababu, hatiliwi wasiwasi. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Jani ndilo lililo hatarini! Humea kwenye tope la maji mafupi, na huko ndiko watu huchimba chambo na kukokota juya, ndiko mito hushusha udongo.

Na sisi wa Nairobi tusijitoe. Mto wetu huingia Athi. Athi huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, ikamwaga baharini karibu na Malindi. Nendeni wakati wa masika mwone bahari ilivyo rangi ya chai ya maziwa. Jani hula mwanga. Hapo mwanga utapita wapi?

Haya, pitisheni chupa. Msiitikise, tope la chini likipanda hamtaliona jani.