Siri ya Mteja ni ya Nani?

Ndugu zangu maafisa ustawi wa jamii, na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda mafunzo kwa vitendo, leo nina jambo moja tu: siri ya mteja.

Tamko la kimataifa la maadili ya taaluma yetu, lililopitishwa Dublin mwaka 2018, lina misingi 9, na wa sita unahusu usiri. Sina ugomvi nao. Ila darasani tunaufundisha kana kwamba kila mahali kuna chumba, mlango na watu wawili. Haya, nendeni ofisi ya kata. Mama amefuata shauri la matunzo ya watoto. Benchini wamekaa majirani, mtendaji yuko meza ya pili, na aliyemleta ni mjumbe. Kabla hajafungua kinywa, mtaa umeshajua kilichomleta.

Wapo wanaosema basi, usiri huku kwetu hauwezekani. Mimi sikubali. Siri ile ni ya mama mwenyewe, afisa anaishika kwa niaba yake. Muulizeni mapema: nani ajue, nani asijue? Pengine atataka shangazi awepo, kwa kuwa ndiye atakayebaki na watoto, lakini shemeji asisikie hata neno. Mpaka anauchora yeye. Chumba kikikosekana, tokeni mkakae chini ya mwembe. Hilo halihitaji bajeti.

Mwambieni pia, kabla hajaanza kusimulia, ni wapi hamtaweza kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Kumwahidi mtu siri kisha akajikuta ghafla mbele ya Dawati la Jinsia la polisi ni kumsaliti, hata kama sheria iko upande wenu.

Na picha! Hili linaniuma. Binti aliyenusuriwa kuozeshwa anapigwa picha akipokea godoro, sura wazi, jina la shule kwenye sweta. Muda si muda yuko kwenye makundi ya WhatsApp. Tunajitetea kwamba mzazi aliridhia. Mzazi anayesubiri godoro atakataaje? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na msingi wa 8 wa Dublin unaitaja mitandao ya kijamii waziwazi. Mfadhili akidai ushahidi, apewe risiti na idadi. Aking'ang'ania sura ya mtoto, afisa amjibu hapana, na sisi tuliomfundisha afisa huyo tusimame naye siku atakapoitwa kujieleza.