Nusu ya Kwanza Itoke Wapi? Fedha za kliniki za mama na mtoto London, 1907 hadi 1918

ZUHURA: Karibuni. Leo tuko Somers Town, wilaya ya St Pancras, London. Mwaka 1907, barabara ya Chalton, imefunguliwa Shule ya Akina Mama. Watoto wanapimwa uzito, mama anaonana na daktari, anayenyonyesha anapata chakula cha mchana kwa bei nafuu. Kassim, nani analipa?

KASSIM: Wahisani. Mganga mkuu wa wilaya, daktari John Sykes, yumo ndani ya shughuli hiyo, lakini kituo ni cha watu wa kujitolea. Na michango tunaijua ilivyo: siku ya ufunguzi inamiminika, miezi sita baadaye imekauka, na huku mkaa, kodi ya chumba na mshahara vinadaiwa palepale.

ZUHURA: Baraza la wilaya lenyewe lilianzia kwenye kitu cha bei rahisi kuliko vyote, yaani taarifa. Mzazi alikuwa na siku 42 za kumwandikisha mtoto. Kwa kuhara kwa majira ya joto, siku 42 ni nyingi mno. Mtembeleaji wa nyumbani, yule anayetumwa na baraza kumwona mama na mtoto mchanga, angefika akute mtoto ameshazikwa.

KASSIM: Mji wa Huddersfield ulitangulia kutafuta dawa. Ulilipa shilingi 1 kwa kila taarifa ya kuzaliwa iliyofika ndani ya saa 48. Sheria ya nchi ya 1907 ikaja na saa 36, taarifa iende kwa mganga mkuu, na asiyetoa atozwe faini isiyozidi shilingi 20. Kifungu ninachokipenda mimi ni cha kadi za posta: baraza liwagawie madaktari na wakunga kadi zilizokwisha kuandikwa anwani na kulipiwa stempu, bure. Mkunga hana sababu ya kuchelewa, na gharama unaijua kabla ya mwaka kuanza.

ZUHURA: Lakini kila baraza liliachiwa lichague kuitumia sheria hiyo au kuiacha. Ikawa lazima kwa wote mwaka 1915 tu.

KASSIM: Miaka minane, jamani! Na ukishapata taarifa, lazima uwe na mtu wa kubisha hodi. Hapo ndipo kodi ya majengo inaingia. Mabaraza yaliihesabu kwa peni: peni 1 kwa kila pauni ya thamani ya pango la mwaka.

ZUHURA: Pauni 1 wakati huo ni peni 240.

KASSIM: Naam. Chukua mfano wa hesabu tu. Wilaya ambayo majengo yake yana thamani ya pauni 240,000: peni 1 inaleta pauni 1,000. Wilaya ya vibanda vilivyobanana, thamani pauni 60,000: peni ileile inaleta pauni 250. Na mara nyingi hii ya pili ndiyo yenye watoto wengi na vifo vingi.

ZUHURA: Sasa tarehe 30 Julai 1914, Bodi ya Serikali za Mitaa, idara ya serikali kuu inayosimamia mabaraza, inatoa waraka: serikali kuu italipa nusu ya matumizi yaliyoidhinishwa. Kliniki za wajawazito, kutembelea nyumba, matibabu ya watoto hadi umri wa kwenda shule. Inasikika vizuri sana.

KASSIM: Inasikika vizuri kwa mwenye nusu ya kwanza. Rudi kwenye mfano wetu. Tajiri anatoa 1,000 yake, anatumia 2,000. Maskini anatoa 250, anatumia 500. Pengo lilikuwa pauni 750. Sasa ni 1,500. Ruzuku yenyewe imelipanua.

ZUHURA: Na haikuja mapema. Ililipwa kwa matumizi ya mwaka uliokwisha tarehe 31 Machi. Unaajiri kwanza, unalipa kwanza, unapeleka hesabu, ndipo unangoja.

KASSIM: Msimamizi wa kituo cha afya anayesubiri bima ilipe madai yake hahitaji kufafanuliwa hapo. Baraza lisilo na akiba linaajiri mtembeleaji mmoja badala ya watatu, na vitanda vya kujifungulia haligusi kabisa.

ZUHURA: Vituo vya wahisani navyo viliweza kupata ruzuku, mradi kazi yao iungane na mpango wa wilaya. Hilo lilisaidia.

KASSIM: Lilisaidia, ingawa chakula kilibaki nje kwa muda mrefu. Kwangu hilo lilikuwa kosa kubwa. Mama mwenye njaa unampa mawaidha ya kunyonyesha! Ni mwaka 1918, kwa sheria ya Agosti na waraka wake, ndipo ruzuku ikafika kwenye chakula cha wajawazito na wanaonyonyesha, wasaidizi wa kazi za nyumbani baada ya kujifungua, na vituo vya kulelea watoto mchana.

ZUHURA: Sheria hiyo pia ilitaka kamati ya uzazi katika kila baraza linalotumia mamlaka hayo, na wanawake wasiopungua wawili ndani yake.

KASSIM: Wawili ni wachache, lakini kabla ya hapo meza nyingi hazikuwa na hata mmoja.

ZUHURA: Na lile pengo la peni?

KASSIM: Likasubiri hadi sheria ya 1929. Nusu kwa nusu ikafutwa, likaja fungu moja linalogawanywa kwa vigezo. Viwili kati ya hivyo: idadi ya watoto walio chini ya miaka 5, na udogo wa thamani ya majengo kwa kila mkazi.