Viatu vya barafu chini ya kitanda Mji Mkongwe

WA MJINI: Asalaam aleikum, karibuni tena, leo mtanicheka. Mtoto wa dada yangu anasoma Toronto, kaja likizo kupitia Dubai, kurudi begi limezidi kilo kwa karafuu na achari za mama, akaniachia mfuko, ati mama mdogo nihifadhie. Nafungua, viatu vya barafu, vile vya kutelezea juu yake!

MPEMBA: Vile vya chuma chini?

WA MJINI: Ndo hivyo hivyo. Wao wanaita skeiti, nkimwambia jirani anasikia sketi ananiuliza ya rangi gani. Sasa mie kwa akili yangu kitu cha barafu si kinataka baridi, nkavitia kwenye friji droo ya chini na mchicha.

MPEMBA: Subhanallah.

WA MJINI: Mama akavitoa siku ileile, nkavifunga na mfuko wa plastiki, chini ya kitanda, miezi miwili. Juzi navua ile kava ya plastiki kwenye chuma, limetoka tone la maji rangi ya chai, na chuma chenyewe vidoadoa kama mtu kamwagia binzari.

MPEMBA: Mie nimekaa kaunta ya kukodisha viatu hivyo Dubai kwenye mol moja, nje watu wanaungua ndani barafu, na joto halikuwa tatizo letu hata siku moja. Tatizo unyevu. Na kwetu hapa unyevu una chumvi juu yake, unajua mwenyewe baiskeli inavyoliwa ukiiacha Forodhani. Friji ndo mbaya zaidi, ukitoa kitu cha baridi kwenye hewa yetu kinatoka jasho palepale.

WA MJINI: Lakini kava si ilikuja navyo?

MPEMBA: Ile ngumu ya kutembelea tu, mpaka ukingoni mwa barafu, usiharibu makali. Ukiivisha ukaweka inafungia maji ndani. Ya kuwekea ni ya kitambaa, laini kama taulo. Kwanza unafuta chuma kikauke, na pale kinapoungana na soli kwenye skrubu, maji yanajificha pale. Alafu mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa, unapaka kama unampaka mtoto.

WA MJINI: Ya nazi hayafai?

MPEMBA: Yataoza, na sisimizi watakushukuru. Kiatu chenyewe unalegeza kamba, unatoa soli ya ndani, unajaza magazeti makavu, unaanika kivulini penye upepo. Sio juani, sio chini ya bati wala kwenye buti ya gari, gundi inalegea ngozi inapasuka. Alafu tia vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, vimeandikwa usile.

WA MJINI: Mie navitupa vile! Na chini ya kitanda?

MPEMBA: Ukuta wako wa mawe ya matumbawe na chokaa, hebu pitisha kidole.

WA MJINI: Unga mweupe, ee.

MPEMBA: Chumvi hiyo. Viweke juu ya kabati, mbali na ukuta, kwenye mfuko wa kitambaa unaopumua, na masika Machi mpaka Mei fungua kila wiki uangalie ukungu.

WA MJINI: Na vidoadoa? Kuna yule bwana Darajani ananoa visu...

MPEMBA: Usithubutu! Kile chuma upana wake kama milimita 4, chini kina mfereji katikati, makali mawili, moja kila upande. Mnoa visu atakulainishia mfereji wote kiwe kama reli, mtoto akikanyaga barafu anakwenda na kiuno. Kutu ya ubavuni sugua kwa msasa laini na mafuta, polepole, makali usiguse. Ya kwenye makali mwache avipeleke kwa mwenye mashine yake hukohuko Toronto. Na mwambie afute mafuta kabla hajaingia kwenye barafu.

WA MJINI: Kwa hiyo ntamwambia ukweli?

MPEMBA: Mwambie friji tu usiitaje.

WA MJINI: Haya, kava za kitambaa nashona mwenyewe, cherehani ya mama ipo na kuna taulo kuukuu.

MPEMBA: Kavu lakini. Sio lile la bafuni.

WA MJINI: Eh. Basi sina taulo.