Meli Zilizokuja Mabegani: Mhadhara kuhusu Bandari ya Mwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu, na vijana mnaotembeza wageni katika jiji hili, nawashukuru kwa kunialika niseme jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema. Nitalisema tena kwa sababu halijatendwa. Mwanza imekuzwa na bandari yake, lakini mgeni anayekuja kututembelea huoneshwa kila kitu isipokuwa bandari.

Wapo wanaosema kwamba bandari za kihistoria ni Kilwa, Bagamoyo na Unguja, na kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa tuna mialo tu ya kuanikia dagaa. Asemaye hivyo hajajiuliza misafara iliyotoka Bagamoyo ilikuwa inakwenda wapi. Novemba 1874 msafara wa Stanley, mpelelezi wa Kizungu, uliondoka Bagamoyo, na mwishoni mwa Februari 1875 ukafika Kageye, ambayo leo iko wilayani Magu. Wapagazi walikuwa wamebeba mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyogawanywa vipande ili iweze kupita katika njia za miguu, porini na milimani. Waliiunga hapo Kageye, wakaishusha majini, na Stanley akalizunguka ziwa. Wakati huo Ukerewe alikuwapo mfanyabiashara aliyetoka pwani, jina lake Sungoro, naye alikuwa akiunda jahazi lake mwenyewe, maana alikwisha kuona kwamba ziwa hili ni barabara. Watoto wetu wanalijua jina la Stanley. Mabega yaliyoileta mashua hayatajwi popote.

Naomba mniruhusu nikae hapa, kwa kuwa hapa ndipo ilipo hoja yangu. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mto unaotoka humo, Nile, una maporomoko ambayo hakuna meli inayoweza kuyapanda. Kwa hiyo hakuna meli kubwa iliyowahi kuingia ziwani humu ikielea kutoka baharini. Kila moja ililetwa nchi kavu, vipande vipande. Meli ya mvuke iliyoitwa William Mackinnon ilijengwa Uskoti mwaka 1890, vipande vyake vikafikishwa Mombasa, vikabebwa na wapagazi kuelekea ziwani, na ikaelea Kisumu mwaka 1900, miaka 10 tangu ijengwe. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ilifika Kisumu mwaka uliofuata, na tangu hapo vyuma vikaja kwa mabehewa. MV Victoria yetu nayo ilijengwa Glasgow mwaka 1959. Utaratibu wa meli za namna hiyo ni kwamba huungwa kwanza kiwandani kwa bolti, kila kipande kikatiwa alama, kisha hufunguliwa yote na kusafirishwa. Victoria iliungwa upya Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020, ikaendelea kutupeleka Bukoba. Na MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, iliyobuniwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliundwa hapa hapa, katika bandari ya Mwanza Kusini, mafundi wetu wakichomelea bega kwa bega na wataalamu wa Korea Kusini, ikashushwa majini Februari 2023. Kutoka mashua ya kubebwa hadi meli iliyoundwa kwenye chelezo chetu wenyewe, yaani mahali pa kuundia meli, ni miaka 148, na historia yote hiyo imo ndani ya mwendo wa siku moja kwa gari.

Sasa mgeni tunampeleka wapi? Tunampeleka kwenye Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, apige picha. Sina ugomvi na jiwe. Ni zuri, na jua linapozama hakuna asiyelitazama. Lakini tunamwonesha jiwe lenye jina la kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, huku waliobeba meli kwa mabega hawana hata kibao cha mbao. Jambo hili linaniuma, na sioni haya kulirudia.

Nitajibiwa kwamba bandari ni mahali pa kazi na ulinzi, si pa matembezi. Nimelisikia jibu hilo kwa masikio yangu. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi 38 hadi lango la bandari mojawapo humu jijini, nikiwa na barua mkononi, nasi tukazuiwa tusiingie. Tulisimama nje tangu saa moja hadi saa nne asubuhi. Meli ya Bukoba ilikuwa imefunga gati alfajiri, na makuli walikuwa wakitoka na mikungu ya ndizi begani, utomvu umewakaukia shingoni, na kina mama wenye mifuko ya senene na kahawa ya kutafuna wakiwafuata. Kuli mmoja, mtu mzima, aliutua mkungu wake akauliza watoto hawa wanangoja nini. Nilipomweleza, alichuchumaa, akachora meli mchangani kwa kidole, kisha akachora mstari ubavuni mwake. Akawaambia: "Wanangu, huu ndio mstari wa kupakia. Maji yakiupita, shuka, hata kama umekwisha kulipa nauli." Sijawahi kutoa somo lililoeleweka upesi kama hilo.

Sihitaji kuwaeleza wana Mwanza kwa nini mstari ule una uzito. Wengi humu mna mtu wenu aliyekuwa ndani ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ilipopinduka ikija hapa, na zaidi ya watu 800 wakafa. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Kuna wanaoona kwamba si heshima kumpeleka mgeni kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa katika MV Bukoba. Mimi naona kwamba akienda na mtu anayejua kusimulia, akasimama kimya, atakuwa ameifahamu Mwanza kuliko aliyekula samaki wa kuchoma ufukweni akaondoka. Ninachoomba si kufungua bandari holela. Naomba saa moja kwa siku, njia iliyochorwa chini kwa rangi, kofia ngumu, na msimulizi aliyefundishwa.

Muda unanibana, na nilikusudia kusema mengi kuhusu reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, ambayo kabla yake pamba ya Usukuma ilivuka ziwa hadi Kisumu ndipo ipande treni kwenda Mombasa. Nenda Mwanza Kusini siku MV Umoja inapopakia: reli inaingia hadi tumboni mwa meli, na behewa husukumwa polepole likaingia ndani kwa magurudumu yake, tayari kwa safari ya Port Bell, Uganda. Kisiwa cha Saanane na makumbusho ya Bujora mnavijua, sitavieleza. Nitataja tu vivuko vya kati ya Kigongo na Busisi. Daraja la hapo limefunguliwa Juni 2025, ni jambo jema kabisa, lakini mtoto anayezaliwa leo hatajua foleni ile ya malori wala wauza mahindi waliokuwa wakipita madirishani. Kama hakuna aliyehifadhi tiketi hata moja, basi tumekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kabla hatujatawanyika. Jumamosi alfajiri, meli ya Bukoba ikifunga gati, nitakuwa nje ya lango la bandari ya Mwanza Kaskazini pamoja na vijana wachache wenye daftari. Mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi melini, relini au kwenye chelezo, na mama yeyote aliyefanya biashara ya kuvuka ziwa, aje na alichonacho, iwe tiketi, picha, kitambulisho cha kazi au kumbukumbu tu. Vijana wataandika jina lake kwanza, kisha jina la meli.