Goti lile lile, maisha tofauti

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Wazee wangu shikamooni. Leo sijaja kuwaambia mle vizuri mfanye mazoezi basi, hiyo mshaisikia mpaka masikio yameota sugu. Leo tunaongelea kwa nini mzee mmoja anajitegemea na mwenzie anashindwa.

Nianze na kuoga. Mwaka 1963 daktari mmoja Mmarekani, Sidney Katz, na wenzake walitoa kipimo cha vitu sita tu: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani kukaa kwenye kiti, kubana haja, na kujilisha. Kinatumika mpaka leo. Wakaona uwezo mara nyingi unaondoka kwa foleni, kuoga ndo kunatangulia, kujilisha kunabaki mwisho, yaani kama mtoto anavyojifunza ila kinyumenyume. Ndo maana mzee ukimuuliza unaumwa nini atakutajia presha, sukari, mgongo, sawa, lakini muulize unaoga mwenyewe? Hapo sasa unajua anaishije.

Mazoezi yanasaidia, sibishi. Misuli inaanza kupungua taratibu hata kabla ya miaka 50, na ya mapaja ndo inayokuinua chooni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu wa miaka 65 kwenda juu apate walau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au kitu cha namna hiyo, na siku 3 za mazoezi ya nguvu na balansi ili asianguke. Sigara aache, hilo halina mjadala.

Sasa anapata wapi hizo dakika? Kuna mtu kabeba mizigo miaka 40, ukimwambia afanye mazoezi anacheka, anakwambia mimi kazi yangu mazoezi tosha. Na wala sio kweli, manake kubeba na kupiga magoti kutwa nzima bila kupumzika pale mwili unapotaka kunasaga magoti, wakati yule wa ofisini anakimbia nusu saa kwa hiari yake halafu anaenda kulala. Wote "wametumia mwili" lakini faida kapata mmoja.

Uingereza mwaka 2010 profesa Michael Marmot alitoa ripoti, watu wa mitaa maskini kabisa walikuwa wanakufa kama miaka 7 kabla ya wale wa mitaa tajiri. Inauma eeh? Subiri. Ukihesabu miaka ya kuishi bila ulemavu, tofauti ilikuwa miaka 17. Kumi na saba! Yaani maskini anakufa mapema na bado hiyo michache aliyopewa anaimaliza akishikiliwa mkono.

Na msiseme ni sigara tu. Utafiti wa wafanyakazi wa serikali kule London, ulianza 1967, wanaume wote wana ajira na mshahara, hakuna fukara pale, lakini wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango kama mara 3 ya mabosi wa juu. Wakatoa sigara, presha, kolestero kwenye hesabu, pengo likapungua ila halikuisha.

Halafu kuna hili la goti. Wazee wawili, goti bovu lile lile, picha ya eksirei huwezi kutofautisha. Mmoja kafungiwa vyuma vya kushika bafuni, choo cha kukaa, anaishi chini. Mwenzie yuko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, sakafu inateleza. Wa kwanza ana goti bovu, wa pili ni mlemavu. Sasa ulemavu uko kwenye goti au kwenye ngazi?

Kabla ya maswali tujipime kidogo, kunjeni mikono kifuani, inukeni bila kushika kitu, mkae, mara tano, wenye kizunguzungu msijaribu. Moja... mama pale mbele usijisikie vibaya, hicho kiti nacho kifupi mno, hebu kijana mletee kile kirefu. Ehee, umeona?